Mke Mdogo wa Fundi Vioo

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa kazi za mbao alituonyesha gundi ya kizamani, ile inayotengenezwa kwa ngozi ya sungura. Aliitia kwenye kopo, kopo akaliweka kwenye maji ya moto, na haikupita muda darasa zima lilikuwa madirishani, mashati yamefunika pua. Mwenzangu mmoja aliapa kuna maiti kabatini. Mimi nilibaki nimekaa kitini kwangu, nasikia njaa. Kwetu Lozells, mtaa wa Birmingham, gundi ile na maandazi vilipikwa jiko moja, masufuria yamegusana masikio, Bibi akikoroga gundi kwa mkono wa kushoto na kugeuza maandazi kwa mkono wa kulia. Bibi hakuwahi kukosea. Babu ndiye aliyekosea, siku moja tu, akachovya andazi kusikochovywa, na akalimaliza lote kwa sababu ya kiburi. Mwalimu aliponiuliza mbona macho yangu yamelowa, nilimwambia namlilia sungura.

Babu yangu alikuwa fundi vioo. Msifikirie vioo vya madirisha. Nasema vioo vya kujitazamia, vya matajiri wa kale wa nchi hii, pamoja na viti na meza zao, mtindo ambao wenyewe wanauita Regency na Babu aliuita Rijensi, kwa madaha, kama jina la ndugu yake wa Malindi. Kuchonga alijifunza Unguja, kwenye milango. Birmingham alikuta milango inanunuliwa dukani, imeshatobolewa hadi tundu la ufunguo, akahamia kwenye vitu vya watu waliokwisha kufa. Nilipomuuliza Rijensi ndiyo nini, alinieleza hivi: "Mfalme wao alichanganyikiwa akili, mwanawe akashika kiti kwa niaba yake. Alipokikalia akaona hakifai. Akaagiza viti vipya." Kwa miaka mingi niliamini historia yote ya Uingereza imetokana na kiti kibovu. Mwalimu wangu wa historia bado hajanishawishi vinginevyo.

Nyumba zetu ni zile za safu, zimebanana hivi kwamba ukipiga chafya jirani anaitikia yarhamukallah. Karakana ya Babu ilikuwa chumba cha nyuma, lakini karakana haikujua mipaka yake. Kulikuwa na viti vya miguu iliyopinda kama upanga ambavyo hatukuruhusiwa kuvikalia. Kulikuwa na meza ya ukumbini yenye makucha ya simba, nami niliyalisha wali kwa siri hadi Mama alipogundua sisimizi. Na vioo, jamani! Vya kusimama, vya ukutani, vya kuinamisha. Kutoka chumbani kwenda chooni ulikutana na nafsi yako mara kadhaa, na kila mara ilikuwa na sura ya kukuuliza unakwenda wapi.

Kimoja kilikuwa bwana wa vyote. Kilikuwa cha mviringo, kimevimba kwa mbele kama tumbo la aliyeshiba futari, na ukisimama mbele yake ulikiona chumba kizima kimejikunja humo ndani, kuta, taa, mlango, na wewe katikati, mdogo kama punje ya choroko. Juu yake alitua tai wa mbao mwenye mabawa wazi. Bibi alikuwa akimvisha tai yule kitambaa kila alipotandika msala, "asinikodolee macho nikisujudu." Na fremu yote ilizungukwa na vipira vidogo vya dhahabu, vimepangana kama shanga. Mwenye kioo hicho alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Moseley, na Babu alimwahidi kumrudishia kikiwa kizima kama siku kilipotoka kwa fundi wa kwanza.

Nasema Babu, lakini kazi ilikuwa ya watu wawili. Babu alichonga na kuunga. Dhahabu ilikuwa ya Bibi. Dhahabu ile huja katika vikaratasi vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Ukikishika kwa kidole kimekwisha, kimekuwa sehemu ya kidole. Ukipumua vibaya kimekwenda zake. Inatakiwa burashi bapa, laini kama manyoya ya paka, na kabla ya kukichukua kikaratasi unaipitisha burashi shavuni mwako, ipate mafuta kidogo ya uso wako. Ni mafuta hayo tu yanayoifanya dhahabu ikubali kunyanyuka. Bibi alikuwa na mashavu ya mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, masika na kipupwe. Babu alisema Uingereza yote hii, na mfalme wao, hawana shavu kama lile. Kazi ikiisha Bibi alibaki na chembe za dhahabu kwenye kope, kwenye kucha, kwenye mikunjo ya vidole, na hazikutoka kwa sabuni wala kwa dua. Wiki nzima anang'aa. Babu akimwita, "Bibi harusi wangu!"

Hapo ndipo nilipodai haki yangu. "Na mimi je?"

"Wewe mke wangu mdogo. Zamu yako kesho."

Bibi naye haachwi nyuma. "Hebu mke mwenzangu, kampelekee mumeo chai, mie nimechoka na kelele zake."

"Yeye kanitukana jana, kasema mimi pengo," nilishitaki.

"Basi tumsuse wote wawili. Leo alale na njaa."

Mnaujua utani huo. Hakuna nyumba ya kwetu isiyo nao. Lakini mimi nilikuwa na miaka saba, na tangu nijue kusikia nilikuwa nasikia mimi ni mke. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hii ni sawa na kumwambia mtoto ana pua ya Babu yake, maneno ya mapenzi, hayaandikishwi popote. Nilikuwa mke. Tena nilijihesabu ndiye mke mpendwa, kwa sababu nilibebwa begani na Bibi habebwi.

Babu alifariki mchana, amelala kwenye kochi lake baada ya adhuhuri, na msumeno wake mdogo bado uko mezani. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Walipokuja wanawake wa matanga, wamekaa kwenye mikeka katikati ya miguu ya simba, nilijibanza nyuma ya Mama nikasikia masharti. Alikuwa akiyataja bibi mmoja mnene, kwa sauti ya kusoma habari. Mke wa marehemu atakaa eda, miezi minne na ushei. Atavaa nyeupe. Hapaki mafuta, hajitii manukato, havai dhahabu, hatoki nyumbani bila dharura, na hajitazami kiooni.

Mama akasema kwa upole, "Sheikh kasema kioo si haramu. Haramu ni kujipamba."

"Sheikh hajafiwa na mume," alijibu Bibi. "Mie nitakaa kama alivyokaa mama yangu."

Basi Mama akazunguka na makanga, akavifunika vioo vyote vya nyumba ile, vikawa kama kundi la wanawake waliosimama ukutani. Cha chooni alikibandika gazeti. Kile cha mviringo kilifungwa kanga ya hudhurungi kwenye uso wake, fremu ikabaki nje. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja: mke wa marehemu. Wake wa marehemu tuko wawili.

Nguo nyeupe sikuletewa, na nilikasirika kidogo, lakini niliona watu wana mambo mengi. Nilijitafutia mwenyewe fulana yangu nyeupe ya michezo, nikaivaa ndani ya sweta kila siku. Hereni zangu nilizivua nikazificha kwenye soksi. Shule nilikwenda, kwa hoja kwamba Bibi aliruhusiwa hospitali na shule ni ugonjwa pia. Chooni shuleni kulikuwa na kioo kirefu juu ya masinki, kwa hiyo niliingia nimefumba macho, mikono mbele, na siku ya pili nikajigonga kwenye mashine ya kukaushia mikono, nikarudi nyumbani na nundu. Nilipoalikwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yangu, yenye puto na farasi wa kweli, nilikataa. Farasi wa kweli! Mwalimu aliniuliza kwa nini siendi, nikamwambia nyumbani kuna udhuru. Leo namshukuru Mungu. Ningemwambia kwamba nimefiwa na mume, kabla ya saa tisa pangejaa watu wa ustawi wa jamii wenye vitambulisho shingoni.

Na mafuta sikupaka. Ilikuwa kipupwe, upepo wa Birmingham unaokwangua kama kisu cha samaki, na uso wangu ukawa mweupe wa vumbi, midomo imepasuka. Kila asubuhi Mama alinifukuza na chupa ya losheni. Nilikuwa napaka mbele yake kisha napanda juu nasugua yote kwa taulo. "Huyu mtoto ngozi yake inakunywa," Mama alikuwa akilalamika. Sikumwambia sababu. Sikuficha, wallahi, nilidhani kila mtu anajua.

Ikapita miezi. Siku moja yule mama wa Moseley akapiga simu. Alikuwa na adabu zake, alisubiri kwa staha, lakini alikuwa anahama nchi, gari la mizigo linakuja Jumamosi, na alitaka kioo chake. Hata kama hakijakamilika, alisema, hana neno.

Bibi ndiye aliyekuwa na neno. Babu alikuwa amechonga upya vipira vilivyopotea, vile vya upande wa chini, akavipaka udongo wake mwekundu, akaviacha tayari kwa dhahabu. Vilikaa hapo vimeiva kama zabibu, vinamngoja Bibi.

"Mume wangu hajatoa kazi nusu mlangoni pangu," alisema. "Na hiki ndicho cha mwisho. Kikitoka hivi, ndivyo atakavyokumbukwa."

"Basi kifanye mwenyewe," Mama akamwambia. "Uso wa kioo umefunikwa, hutajiona."

"Na dhahabu itakayonirukia? Nitoke mbele za watu edani nina kope za bibi harusi? Hapana. Fanya wewe."

"Mie? Mie niliwahi kupiga chafya, karatasi tatu zikaenda dirishani. Ulinifukuza."

"Nakumbuka." Bibi akanitazama. "Mke mwenzangu atafanya. Amenitazama toka anatambaa."

Ilikuwa Ijumaa, nimerudi shule. Bibi alitandika mkeka mlangoni mwa karakana, akakaa akikipa kisogo kioo, ameshika tasbihi. Mama alikuwa jikoni anapasha gundi. Mimi nilisimama juu ya kigoda, mbele yangu vipira vyekundu na ile kanga, nasita, kwa sababu dhahabu ilikuwa haramu kwangu na sikujua nimkatae vipi mke mkubwa. Nilifikiri: sitaivaa, nitaigusa kwa burashi tu. Nilifikiri Babu atanisamehe.

"Hemea kipira," Bibi alielekeza bila kugeuka. "Pumzi ya tumboni, haaa, kipate joto. Ehe. Sasa pitisha burashi shavuni. Ichukue karatasi."

Nikapitisha. Nikaigusa karatasi. Haikunyanyuka.

"Imeshika?"

"Haijashika."

"Pitisha tena. Usione haya, hilo shavu lako mwenyewe."

Nikapitisha tena, na tena. Dhahabu ililala pale pale inanitazama. Mara ya mwisho ilipeperuka kidogo, ikakunjamana, ikawa uchafu.

"Njoo hapa," alisema Bibi. Nikamwendea. Akanishika uso kwa viganja vyake viwili, akavipitisha polepole kwenye mashavu yangu. "Mbona kama msasa? Hupaki mafuta?"

"Sipaki."

"Kwa nini?"

"Wewe pia hupaki."

"Mie niko eda, mwanangu."

"Na mimi."

Nasikia mpaka leo namna kijiko cha Mama kilivyoacha kukoroga. Alitokea mlangoni, mkono mdomoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko anachokizuia. "We mtoto! Yule alikuwa anakutania tu, hukuwa—"

Bibi aliinua mkono mmoja. Nimewahi kuona polisi wakisimamisha magari kwa fujo zaidi ya hiyo.

"Tangu lini?" Bibi aliniuliza, kwa sauti ile ile anayoongea na watu wazima.

"Tangu siku ile."

"Na nyeupe?"

Nikafunua sweta, nikamwonyesha fulana.

"Na kioo?"

"Sijatazama hata kimoja. Shule nafumba macho."

"Ndiyo ile nundu."

"Ndiyo."

Midomo yake ilitetemeka. Nilidhani atacheka, na labda alikuwa akicheka, lakini machozi yalimtoka yakafuata mikunjo ya uso wake mkavu hadi kidevuni. Akanivuta nikakaa mapajani mwake, mzima mzima, na miguu yangu mirefu.

"Mke mwenzangu," alisema, "mbona hukuniambia? Tungekaa pamoja."

Hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza toka Babu aondoke. Nililia vibaya, kwa kamasi, nikaiharibu tasbihi yake. Alininyamazisha kwa kunipapasa mgongo, na nilipobakiwa na kwikwi akasema kwamba eda ya mke mdogo ni fupi. Yangu imekwisha leo.

"Nani kasema?"

"Mke mkubwa kasema. Mwenye neno ni mke mkubwa."

"Na wewe?"

"Mie bado. Mmoja lazima abaki kumwangalia."

Nilipima hoja hiyo, nikaiona ina akili.

Wakanitoa eda. Ninyi wenzangu mtacheka, na mimi huwa nacheka nikifika hapa, lakini wakati ule hapakuwa na mzaha. Mama alinikogesha kwa maji ya uvuguvugu, akanimiminia kata ya mwisho kichwani huku Bibi akisoma fatiha nje ya mlango. Nikavishwa gauni langu la Idi. Udi ulifukizwa chumbani, na Bibi, ambaye hakutakiwa kuunusa, alirudi nyuma hadi mwisho wa ukumbi, kanga puani, akitoa amri kwa mbali: "Mfukize nywele! Na kwapa, huyo kwapa lake nalijua!" Hereni zikatolewa kwenye soksi. Mwisho Mama alichukua mafuta ya nazi akanipaka uso, mengi, hadi nikawa nateleza.

Nikarudi kwenye kigoda. Nikahemea kipira, haaa, nikapitisha burashi shavuni, na dhahabu ikanyanyuka kama iliyoitwa kwa jina. Sikufanya vizuri. Viwili vilipata viraka, kimoja kina alama ya kidole changu, na kwenye kile cha mwisho nilipiga mwayo nikameza kipande. Bibi hakuweza kuona kwa kuwa alikuwa amekipa kioo kisogo. Aliuliza tu kila mara, "Kinang'aa?" nami nikajibu kinang'aa, na nilisema kweli.

Vilipokwisha, Mama aliifungua ile kanga ya hudhurungi. Bibi alijivuta kwenye mkeka akageukia ukuta kabisa.

"Haya, jitazame. Haki yako hiyo. Unaona nini?"

Niliona chumba kizima kimejikunja. Niliona meza ya Babu na msumeno wake. Niliona Mama, mdogo, anafuta macho kwa pindo la kanga. Niliona mgongo mweupe wa Bibi, mdogo kuliko wote. Na katikati niliona msichana nisiyemjua vizuri, ana chembe za dhahabu kwenye kope, na mdomoni meno mawili makubwa ya mbele ambayo sikuwahi kuyaona.

"Nina meno mapya," nilisema.

"Muda sasa," alisema Bibi akiwa ameelekea ukuta. "Mazuri. Nilidhani unajua."

Jumamosi asubuhi mama wa Moseley alikuja. Bibi alibaki chumbani kwake, mlango nusu wazi. Yule mama alisimama mbele ya kioo, akasema hivi ndivyo alivyokiona utotoni mwake kwa bibi yake. Kisha akainama kutazama upande wa chini. Alikuwa na jicho, huwezi kumdanganya. Akapitisha kidole juu ya kipira chenye alama ya kidole changu, bila kukigusa, akauliza ni nani aliyevipaka hivi.

Nilimtazama Mama. Mama ambaye jana yake tu alikuwa tayari kutangaza kwamba ni utani.

"Mke wake," alijibu Mama kwa Kiingereza.

Yule mama akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alisema vinapendeza hivyo hivyo, hatavigusa, na akamwomba Mama amfikishie mke wa marehemu pole zake. Kisha wanaume wawili wakakifunga kioo katika mablanketi, wakakibeba na tai wake, na gari likaondoka.

Mama aliurudisha mlango. Akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso.

"Umeletewa pole," aliniambia.

Nilijua jibu lake. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakilitoa miezi ile yote, nami nilijua pia kwamba si kweli. "Nimeshapoa," nikasema.

Na kutoka chumbani kwake, Bibi naye akaitikia hivyo hivyo.